Nani Anampa Mtoto Dawa?

Pale dukani walimwita Afande, ingawa hakuwahi kuvaa sare ya serikali hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye mlango wa kutokea wa duka kubwa la vyakula na vyombo, kupokea risiti, kuchungulia mifuko na kuwaruhusu watu waende zao. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti ya upole iliyowadanganya wengi. Wezi wa mara ya kwanza walimwona wakafurahi. Wa mara ya pili walitafuta duka lingine.

Siri yake ni kwamba hakuwa anaangalia mifuko sana. Aliangalia salamu. Mtu asiye na kitu humpa mlinzi risiti huku anaongea na simu, hata usoni hamtazami. Mwenye kitu ndiye anayemwita "dada yangu kipenzi" na kuulizia hali ya watoto. Jioni, wakati wa kula, alikuwa akiisimulia familia yake visa vya siku: mzee mwenye heshima zake aliyeficha sabuni chini ya kofia, mama aliyemfunga mtoto mgongoni na chini ya mtoto kuna kilo ya sukari, kijana aliyetembea na mwavuli uliokunjwa siku ya jua kali, ukafunguliwa, zikamwagika betri kama mvua. Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, alikuwa akicheka mpaka anapaliwa. Mtoto wao mkubwa, mvulana wa miaka kumi na sita, alikuwa anakula tu. Lakini mdogo, msichana wa miaka minane, alikuwa anaacha chakula kipoe ili asipitwe na neno. Huyo walimwita Redio, kwa sababu akishawashwa asubuhi hakuna wa kumzima.

Michubuko ilipoanza kuonekana miguuni mwa Redio, Afande hakufikiria ugonjwa. Alifikiria mtu. Alikwenda shuleni, akamkalisha mwalimu wa darasa na kumhoji kama mshukiwa: nani anakaa naye dawati moja, nani anacheza naye, wewe mwenyewe hasira zako zikoje? Mwalimu akaapa kwamba hakuna aliyemgusa mtoto. Afande akaondoka bila kuaga vizuri. Wiki hiyohiyo Redio akatokwa na damu puani isiyotaka kukatika, wakaenda zahanati, zahanati ikawatuma hospitali, na hospitali ikawatuma kwenye hospitali kubwa zaidi, kwa daktari wa magonjwa ya damu.

Daktari huyo alikuwa mwanamke mrefu aliyeongea taratibu kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Ndani ya mifupa kuna uboho," alisema. "Huko ndiko damu inakotengenezwa. Uboho wa mtoto wenu umeacha kazi."

"Umeacha kwa sababu gani?" Afande akauliza.

"Mara nyingi hatujui."

Jibu hilo Afande hakulipenda. Katika maisha yake ya mlangoni, asiyejua sababu ni yule anayeificha.

Tiba ilikuwa kupandikizwa uboho wa mtu mwingine, mtu ambaye damu yake inalingana na ya mtoto. Wakapimwa wote wanne. Majibu yalipotoka, daktari akasema mama amelingana naye nusu na baba nusu. Fundi akakunja uso.

"Nusu kivipi, daktari? Mtoto ni wangu wote."

"Kila mzazi humpa mtoto nusu yake," daktari akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Ungelingana naye yote ndipo ningeanza kukuuliza maswali. Lakini kaka yake amelingana naye kabisa. Hiyo ni bahati kubwa."

Wote wakamgeukia kaka mtu. Kijana alikuwa ameshika andazi. Akaliteremsha polepole, kama aliyefumaniwa.

Kabla ya jambo lolote, muuguzi mmoja alimchukua kijana chumbani peke yake na kufunga mlango. Afande alikaa nje akiutazama mlango ule mpaka macho yakamuuma. Mwanawe alipotoka, akamshika mkono.

"Amekuambia nini?"

"Ameniuliza kama nataka."

"Ukasemaje?"

"Nataka."

"Na nini tena? Mmekaa muda mrefu."

"Ameuliza kama kuna mtu ananilazimisha."

"Ukasemaje?"

"Nikamwambia mama huwa halazimishi mtu. Anamsimamia tu mpaka akubali."

Baba akageukia ukutani kuficha kicheko. Afande hakucheka. Alibaki anajiuliza kwa nini hospitali imuulize mtoto wake swali la namna hiyo, na wanadhani yeye ni mtu gani.

Maandalizi yakaanza. Damu ya Redio ilikuwa haina tena askari wa kupambana na vijidudu, kwa hiyo nyumba ilibidi isafishwe kama chumba cha upasuaji. Zulia likaondolewa. Maua ya kwenye makopo yakatolewa nje. Paka akahamishiwa kwa jirani, ambaye Afande alimkataza kabisa kuja kuwapa habari za paka. Maji yalichemshwa, matunda yakaachwa, viatu vilikomea uani. Fundi akirudi kazini na vumbi lake la chuma ilimlazimu avue nguo nyuma ya nyumba na kuoga kabla ya kumsalimia mwanawe, na mke wake alikuwa anasikiliza maji yanavyomwagika, ajue kama anaoga kweli au anamwaga tu.

Kwa kuwa wazazi wote wawili walikuwa kazini mchana, bibi mzaa baba alikuja kukaa nao. Alikuwa mwanamke mkavu, mwenye magoti mabovu na masikio mazuri. Alipenda kukaa kitandani kwa Redio akisikiliza taarifa zake zote, za kweli na za kubuni. Asubuhi na jioni Afande alimpima mtoto joto kwa kipimajoto, akitazama namba kama anayesoma hukumu. Daktari alikuwa amesema wazi: homa yoyote, hata ndogo, waje hospitali haraka.

Siku waliyopangiwa kulazwa ilipofika, mtoto akaamka na homa. Hospitali ikamtibu, kisha ikawarudisha nyumbani wasubiri tarehe nyingine. Afande alirudi amevunjika moyo. Jikoni, akiwa kwenye simu na dada yake, alimwaga yote: kwamba kitanda kile kinagombewa, kwamba yeye anawajua watu wa maofisini, homa ikirudi tena watampa mtoto mwingine nafasi na wao watawekwa pembeni kimyakimya. Hakuna aliyemwambia hayo. Aliyaokota mwenyewe kutoka kwenye uso wa karani mmoja aliyekuwa na haraka.

Baada ya hapo mambo yakatulia. Wiki zikapita na kipimajoto hakikuonyesha homa tena hata mara moja. Nyumba nzima ikaanza kupumua. Fundi akarudia kupiga miluzi. Kaka mtu, aliyeambiwa ale vizuri, alikula vizuri kwa bidii ambayo haijawahi kuonekana kwenye masomo yake, na kila alipoongeza sahani alisema anafanya hivyo kwa ajili ya uboho.

Kisha wakaenda hospitali kwa vipimo vya kawaida, na daktari akawaita ofisini. Hakuketi.

"Ini la mtoto limeumia," alisema. "Halikuwa hivi mwanzo. Kuna kitu kinaliumiza. Nawaomba mniambie ukweli, sitamlaumu mtu. Nyumbani kuna anayempa mtoto dawa nyingine? Za miti, za kununua dukani, zozote?"

"Hakuna," Afande akasema.

"Una uhakika?"

Kazini kwa Afande hilo ndilo swali analowauliza watu kabla hajafungua mfuko.

"Bila ini zuri hatuwezi kuendelea," daktari akasema. "Dawa tutakazompa kabla ya kupandikiza ni kali mno. Nendeni mkaangalie."

Njia nzima ya kurudi, kila mmoja alikuwa akihesabu watu wa nyumba yake, na hawakuwa wengi.

Afande alianza na bibi. Nani mwingine? Bibi ndiye anayeshinda na mtoto. Bibi ndiye aliyewahi kusema, tena mbele ya wageni, kwamba zamani watoto waliugua na wakapona bila kutobolewa mifupa. Afande akaanza kumchunguza. Akiingia chumbani ghafla, bibi na mjukuu walikuwa wakinyamaza. Kikombe cha mtoto kilikuwa na harufu asiyoielewa. Akakinusa, akakinusa tena, akakiosha, akakinusa. Alimuuliza bibi, kwa ile sauti yake ya upole, "Mama, leo mtoto amekunywa nini?"

"Maji. Uji. Maji."

"Basi?"

"Basi. Ulitaka anywe nini, mwanangu?"

Jumamosi mchana bibi alipoingia kuoga, Afande aliufungua mfuko wake. Mikono yake ilifanya kazi ile bila kutumwa, kama ilivyozoea: upande wa chini kwanza, kisha mifuko ya ndani, kisha kukung'uta. Miwani. Khanga mbili. Peremende zilizogandamana. Vidonge vya maumivu, vile vya kawaida vya homa na viungo, karatasi yake imebaki na viwili. Na chini kabisa, chupa ndogo iliyofungwa kwa kitambaa, ina kitu cheusi kizito chenye harufu ya kukata pumzi.

Hakusubiri. Aliichukua chupa, akaenda nayo hospitali, akamkabidhi daktari kama anayekabidhi mwizi kituoni. Daktari akaifungua, akainusa, akajipaka tone moja mkononi.

"Haya ni mafuta ya kuchua," alisema. "Mama yangu anayo pia. Ungempa mtoto haya anywe, jirani wa tatu angemsikia akitapika. Siyo haya."

Afande alirudi nyumbani na chupa mkononi. Bibi alikuwa amekaa sebuleni, mfuko wake umefungwa magotini.

"Umenipekua," bibi akasema.

"Mama, ni kwa ajili ya mtoto..."

"Mwanangu wa kumzaa aliniibia kuku akiwa mdogo, sikumpekua. Wewe umenipekua nikiwa naoga." Akachukua chupa yake, akaitazama kama imechafuka. "Halafu vidonge vyangu pia umechukua? Nilikuwa na karatasi mbili."

"Sijachukua vidonge vyovyote."

"Haya," bibi akasema, kwa namna ambayo Afande mwenyewe huwaambia haya watu asiowaamini. Jioni ile fundi alimsindikiza mama yake kwa dada yake, wifi wa Afande aliyekaa upande wa pili wa mji. Redio alilia mpaka akakosa sauti. Fundi aliporudi hakumtazama mkewe usoni, wala hakupiga mluzi.

Afande alijiambia kwamba ni bora aonekane mbaya, mradi mtoto apone. Lakini kipimo kilichofuata kilionyesha ini limezidi kuumia, na bibi hakuwepo tena wa kulaumiwa.

Hapo angeweza kwenda kumwomba radhi. Badala yake shaka ikahamia kwa wengine. Akamuuliza mumewe kwa nini siku hizi anakaa muda mrefu na mtoto kabla ya chakula. Fundi akasimama katikati ya jiko, akainua mikono juu, miguu kapanua.

"Nipekue," alisema. "Anza na mifuko. Nitageuka."

Hakumpekua, lakini alitamani. Akamgeukia kijana: labda amebadili mawazo na anaona haya kusema. Kijana akamjibu kwamba kama angetaka kukimbia asingeanza kwa kumuua mdogo wake, na akaacha sahani yake nusu, jambo lililowatisha wote kuliko maneno yenyewe. Kisha Afande akawashuku watu wa maabara, pengine wanabadilisha chupa za damu. Akataka kusimama nao wakati wa kupima. Wakamkatalia, na kwa kuwa wamemkatalia, shaka ikazidi kuota mizizi.

Ikamfuata mpaka kazini. Asubuhi moja alikuja mama kijana mwenye mtoto mchanga, kanunua sabuni na mkate tu, risiti mkononi. Akasalimia vizuri, pengine vizuri kupita kiasi. Afande akamtaka afungue blanketi la mtoto. Halikuwa na kitu. Akamtaka avue mtandio. Halafu viatu. Watu wakaanza kujaa. Mama yule akaanza kulia, na mtoto naye, na Afande akawa bado anatafuta, anapapasa blanketi tupu kwa mara ya tatu, mpaka meneja alipokuja kumshika bega.

"Nenda nyumbani, dada," meneja akamwambia. "Leo nenda. Tutaongea kesho."

Alifika kwake adhuhuri, saa ambayo hakuna aliyemtegemea. Kijana, aliyeshinda na mdogo wake tangu bibi aondoke, alikuwa uani anafua mashuka. Afande akavua viatu, akanawa, akafungua mlango wa chumba cha watoto.

Redio alikuwa amesimama juu ya kitanda, uso ukutani. Akageuka haraka.

"Shikamoo mama! Karibu mama! Pole na kazi, mama. Leo umependeza. Watu wa dukani hawajambo? Meneja hajambo?"

Afande akasimama pale mlangoni. Hajawahi kusalimiwa hivyo na mwanawe. Alikuwa amesalimiwa hivyo na mamia ya watu wengine.

"Marahaba," akasema taratibu.

Mtoto alikuwa akimtazama usoni bila kupepesa, kama mtu aliyejizuia asitazame kwingine. Afande akatazama kila mahali. Kitanda. Dirisha. Ukutani, kwenye msumari, ulining'inia mwavuli wa zamani ambao hakuna aliyeutumia tangu Redio alipokatazwa kutoka nje.

"Mama, huo umeharibika," Redio akasema, kabla hajaulizwa.

Afande akautungua mwavuli, akaufungua. Vidonge vyeupe vikamwagika juu ya shuka, vingine bado kwenye vipande vya karatasi zake, vingine vimefungwa kwenye tishu. Vikabingirika mpaka sakafuni.

Hakupiga kelele. Akakaa kitandani katikati ya vidonge.

"Nani anakupa?"

"Hakuna."

"Mwanangu, nani anakupa hivi? Sitamfanya kitu."

"Nachukua mwenyewe. Vya kwanza vya bibi. Bibi alipoondoka nikachukua vya baba, vya kwenye koti lake la kazi, vile anavyokunywa macho yakimuuma. Bibi hajui. Baba hajui."

"Unaumwa wapi? Kwa nini hukusema?"

Redio akaanza kuchezea ncha ya shuka. Alipoongea, haikuwa ile sauti yake ya kutangaza.

"Si ulimwambia mama mkubwa kwenye simu, homa ikija tena watampa mtoto mwingine kitanda changu? Nilisikia. Bibi alisema hivi vinaondoa homa. Basi nikiona baridi nakunywa kimoja kabla hujaja kunipima. Wakati mwingine viwili. Nikaona vinafanya kazi."

"Na baridi unaisikia mara ngapi?"

"Kila siku," mtoto akasema. "Ila naivumilia."

Afande akamvuta, akamkumbatia, na ndipo alipousikia mwili wake kwa mikono badala ya kipimajoto. Ulikuwa unawaka.

Hawakumngoja baba. Kijana alitafuta teksi akiwa na povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. Hospitalini daktari alisikiliza yote, akashika kichwa kwa mkono mmoja kwa muda, kisha akaanza kutoa maagizo mfululizo. Ilikuwa ni maambukizi kwenye pafu, yaliyokuwa yakijificha nyuma ya vidonge kwa muda gani hakuna aliyejua. Vidonge vyenyewe, vya kipimo cha mtu mzima, kila siku, ndivyo vilivyoliumiza ini. Wakamwekea mtoto dawa za mshipa. Jioni daktari akaja, akavuta kiti mpaka karibu na kitanda, akaongea na Redio mwenyewe, si na wazazi.

"Nani alikuambia tutakupokonya kitanda?"

Redio akamtazama mama yake, kisha akatazama dari. "Nilisikia tu."

"Hatufanyi hivyo. Ukiugua tunakutibu, halafu tunaendelea. Hata ukiugua mara kumi. Zamu yako ni yako. Umenielewa?"

"Na huyo mtoto mwingine?"

"Naye ana yake."

Afande alikuwa amesimama nyuma ya daktari. Alitamani sakafu ile iliyong'arishwa immeze.

Maambukizi yalichukua muda kuisha, na ini lilichukua muda zaidi kujitengeneza, lakini lilijitengeneza. Tarehe mpya ikatolewa. Siku moja Afande akapanda basi mpaka kwa wifi yake. Alimkuta bibi ukumbini anakunja nguo, rundo kubwa mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Akakaa. Bibi akaendelea kukunja. Shati, suruali, shuka lililohitaji watu wawili. Afande akashika ncha moja bila kuambiwa, wakalikunja pamoja, wakikutana katikati na kuachana tena. Rundo lilipokwisha ndipo alipoeleza: mwavuli, simu ya jikoni, vidonge. Hakujitetea. Alipofika mahali pa kusema nisamehe, akarudia tena mwanzo wa habari.

"Mimi ndiye niliyemwambia vinaondoa homa," bibi akasema hatimaye. "Aliniuliza, nikamjibu. Kwa hiyo hata mimi nimo." Akafuta miwani yake. "Lakini sijakusamehe. Nitakuja kwa ajili ya mtoto. Wewe nitakusamehe nikipata nafasi."

"Sawa, mama."

"Na mfuko wangu nitakuwa naulalia."

Kilichobaki kilikuwa chumba chenyewe cha kupandikizia: chumba kidogo chenye milango miwili na kioo kirefu, ambamo mgonjwa hukaa na mtu mmoja tu aliyenawa mpaka mabegani. Redio akanyolewa nywele. Akaingizwa dawa kali za kuusafisha uboho wake wa zamani, akatapika, akanyamaza. Muuguzi alipouliza nani atakaa naye zamu ya kwanza, Afande alikuwa tayari amevua saa na pete.

"Bibi," Redio akasema.

"Mama yako yupo hapa, amejiandaa," muuguzi akamwambia.

"Najua. Mama ataniangalia sana." Sauti ilikuwa ndogo, haina ubaya wowote. "Nataka bibi kwanza. Mama aje baadaye."

Daktari alimpima bibi kila kilichoweza kupimwa, akamkuta mzima kuliko wote, ukiacha magoti. Basi Afande akakaa nje ya kioo. Ndani, mama mkwe wake alifungua hiki, akafunga kile, akampa mtoto kikombe, na yeye hakuweza kukinusa. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya. Kila kikombe kilipoinuka, kiti chake kililia.

Uboho wa kaka ulitolewa asubuhi, kwenye mifupa ya nyonga, akiwa amelazwa usingizi wa dawa. Alipozinduka aliomba chakula. Alitembea kama mzee mwenye madeni, mkono kiunoni, akajipitisha makusudi mbele ya wauguzi wapate kumwonea huruma. Mfuko wa uboho ulipoletwa na kutundikwa, familia nzima ilijibandika kwenye kioo, na wote wakapigwa na mshangao mmoja: ilikuwa damu tu. Nyekundu nzito ndani ya mfuko wa plastiki, ikidondoka matone kwa matone.

"Ndiyo hiyo?" fundi akauliza. "Siku zote hizi, ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo," daktari akasema.

Baadaye zilikuja siku mbaya. Midomo ya Redio ilitoka vidonda, akashindwa kumeza hata mate. Afande aliingia zamu yake, na kwa kuwa hakukuwa na la kupeleleza mle ndani, alijifunza kukaa tu. Kuna mchana mmoja waliumaliza hivyo, mtoto akitazama dirisha na mama akitazama mikono ya mtoto. Kisha asubuhi moja daktari akaja na majibu ya damu, akayasoma mara mbili kabla ya kusema. Chembe nyeupe mpya zilikuwa zimeanza kuonekana. Chache, lakini zinaongezeka. Uboho wa kaka umekubali makazi mapya. Fundi akatoka nje mpaka kwenye maegesho ya magari, akalia huko peke yake, akarudi anasema ni macho, ni ule moto wa kuchomelea.

Redio alirudi nyumbani amekonda, ana kipara na maneno mengi kuliko mwanzo. Alipoambiwa kwamba damu yake sasa ni ya kundi la kaka yake, alidai na nusu ya nyama kwenye sahani ya kaka yake, kwa hoja kwamba yeye sasa ni tawi lake. Bibi alibaki nao. Iwapo alikwisha kumsamehe mkwewe, hakusema. Ila mfuko wake ulikuwa ukionekana umeachwa wazi juu ya kiti, na Afande alikuwa anaupita mbali, akizunguka meza.

Kazini, alikosimamishwa tangu siku ile, alirudishwa baada ya kwenda na meneja kumtafuta yule mama mwenye mtoto mchanga na kumwomba radhi mbele ya watu. Mama yule alikubali radhi bila tabasamu. Afande aliona ana haki.

Nyumbani alijitahidi. Lakini woga uliozoea kukaa ndani ya mtu hauhami kwa siku moja, na Redio akikohoa tu, mama yake alikuwa akisimama na kijiko mkononi, akitafuta nani kaleta nini.

Siku moja ya mawingu, Afande akikata kitunguu, Redio akaja jikoni na blanketi mabegani. Hakusalimia. Hakusifu nguo ya mtu.

"Mama," alisema, "nasikia baridi. Tangu asubuhi. Na kichwa kinaniuma huku."

Afande akaweka kisu chini. Hakuuliza kitu. Aliita kijana atafute teksi, akamwita bibi achukue koti. Ndani ya gari, huku mtoto amemwegemea, anatetemeka na kueleza kwa urefu jinsi baridi ilivyoanzia vidoleni ikapanda, dereva alimwona mama mtu kwenye kioo cha mbele akiwa na machozi na anatabasamu, akashindwa kuelewa amebeba msiba au harusi.

Yalikuwa mafua tu. Daktari aliwalaza siku mbili kwa usalama, akawaruhusu.